Nyumba Isiyo na Kioo

Mliniomba niwaandikie jinsi ya kupika sabuni. Goreti akaongeza niandike na historia ya nyumba yetu, aiweke kwenye simu, maana wateja wa Bujumbura wanapenda vitu vyenye historia. Sabuni mnajua kuipika. Asiyejua mpaka leo, akiwa amekaa jikoni kwangu muda wote huu, hata nikimwandikia haitasaidia.

Naandika kwa sababu nyingine. Siku mliyoniaga mlinilaza kwenye mkeka mkanisinga kwa zamu, Goreti, Nadia na Zaituni, kimya, kama nilivyowafundisha. Mikono yangu imekwisha. Viungo vimevimba, hata kitambaa siwezi kukikamua, na ndiyo maana nimestaafu. Lakini ngozi ya mgongo bado inasikia, na mikono ya mmoja wenu haikuwa mikono ya nyumba hii. Ilikuwa ya moto na laini kupita kiasi, laini ya kitu kilichomenywa. Nikafumbua jicho nikaviangalia vidole. Kwenye viungo vilikuwa vyeusi, na katikati ya kiungo na kiungo nyama ilikuwa nyekundu. Mmoja wenu anajipaka mkorogo, ile krimu inayochanganywa sokoni na kutiwa kwenye vikopo visivyo na jina. Nimeshamzika mtu mwenye vidole kama hivyo. Sitaki kuzika mwingine, na hilo ndilo linaloniweka mezani leo na kalamu isiyokaa vizuri mkononi.

Nitaanza mwanzo, kwa sababu ukianzia katikati mtasema ni hasira za mzee.

Nilirudi Burundi nikiwa mjane, na mwanangu Dezire, kutoka kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma. Shamba la baba yangu pale Gatete lilikuwa na watu wengine, waliolilima tangu sisi tulipokimbia. Kesi yake sitaieleza. Haikwisha vizuri wala vibaya, iliisha kwa mimi kuchoka. Nikashuka mjini Rumonge kutafuta kazi ya kufua. Wenyeji walikuwa wakikicheka Kiswahili changu, wanasema naongea kama redio. Mwanamke mmoja aliyenikatalia nguo zake ndiye aliyenielekeza kwa Bi Mwajuma, kwenye mtaa wa Waswahili, nyumba ya mwisho kabla ya maji.

Bi Mwajuma alikuwa somo, yaani mwanamke anayewatayarisha maharusi na kuwakanda waliojifungua. Nilimkuta amekaa barazani anachambua karafuu. Alinitazama miguu kwanza, halafu uso.

"Weye ni murudi wa Tanzania?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Unaweza kunyamaza?"

"Naweza."

"Basi ingia. Ile ingine yote tutakufundisha."

Nilidhani ni mzaha. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa amenifanyia mtihani wote wa kazi, na kwamba wengi kabla yangu walikuwa wamejibu kwa maneno mengi.

Kwa muda mrefu hakuniruhusu kugusa mwili wa mtu. Niliosha mikeka. Nilitwanga mchele, manjano na maganda makavu ya ndimu kwa ajili ya singo, mpaka nikawa napiga chafya za manjano. Nilijifunza mafuta ya mise, yanayotoka kwenye kokwa ya chikichi. Kokwa ikikaangwa sana, mafuta huwa meusi na hunuka moshi, na hayo ni ya taa na ya nywele za watu wasiojali. Ya mwilini yanataka kokwa iliyokaushwa juani, itwangwe bila haraka, ichemshwe kwa moto ambao mtu mwingine angedhani umezimika. Kokwa zilitoka Kigwena. Bi Mwajuma alizinusa gunia kwa gunia, na mchuuzi aliyemletea zenye ukungu alirudi nazo alikotoka, kwa miguu, huku akisindikizwa na maneno.

Jioni, kazi ikiisha, ananikalisha.

"Weka mukono juu ya mukono yako. Nini unasikia?"

"Ngozi."

"Ngozi ya namna gani?"

"Ngozi tu, Mama."

"Basi kesho unaosha mikeka tena."

Tuliendelea hivyo mpaka siku niliyomwambia kwamba upande wa ndani wa kiwiko ngozi yangu ilikuwa na kiu na upande wa nje ilikuwa imelala. Nilijisikia mjinga kusema hivyo. Yeye akasema, "Kesho utashika beseni." Nadhani sijawahi kufurahi hivyo kwa kupewa beseni.

Utaratibu mnaufanya kila siku, ila nauandika kwa kuwa siku hizi mnauharakisha wateja wakiwa wengi. Anayekuja anajimwagia kata ya kwanza ya maji yeye mwenyewe, miguuni, ili mwili ujue kwamba ni yeye aliyeuleta. Analala kwenye mkeka, anafumba macho. Unaweka kiganja chako kwenye kisogo chake na hufanyi kitu chochote mpaka pumzi yake ishuke. Hapo unaanza na miguu, kisha unapanda. Hakuna anayesema neno mpaka maji ya beseni yapoe. Yakishapoa, yeye anaweza kusema, na wewe unasikiliza. Wateja wenu wa Bujumbura wanaita rituel, Kifaransa cha tambiko, na wanapiga picha za beseni. Bi Mwajuma aliita kuosha.

Na hapakuwa na kioo. Nilimuuliza mapema, kwa sababu nilidhani nyumba ya kupamba watu bila kioo ni umaskini tu.

"Kioo iko kwao," akanijibu. "Hapa muntu anakuja kusikia mwili yake, hapana kuiangalia."

Kulikuwa na sheria nyingine mbili. Ya kwanza: somo hamsingi mtu wa damu yake, kwa sababu ya haya. Bibi hauoni mwili wa mjukuu aliyekua. Ya pili: kinachoonekana kwenye mkeka kinabaki kwenye mkeka. Unachokiona mwilini mwa mtu hukibebi kwenda nje, hata kwa mama yake.

Sheria hiyo ya pili nilikuwa naiona ya maana sana, na sababu ni mwanamke mmoja wa Gitaza. Alikuwa anaanika ndagala, wale dagaa, na mume wake alikuwa amezama ziwani. Alikuja baada ya matanga akasema anataka kuoshwa mikono tu. Viganja vyake vilikuwa vimepasuka kwa chumvi na mchanga, harufu ya samaki imeingia ndani ya nyufa, na haitoki kwa ndimu wala kwa maombi. Nilimlowekea mikono kwenye maji ya majivu ya vichala vya chikichi, nikampaka mise ya moto. Nilipomkunjia mkono wa gauni nikaona makovu ya kupigwa mkanda mpaka begani. Maji yakapoa. Akasema, "Batu wote wanafikiri ninalia yeye. Minalala vizuri, Mama. Hii kulala vizuri njo kitu inanitisha." Akalia kidogo, akaniambia murakoze, asante ya Kirundi, akaenda zake. Siku ya pili mawifi wake walifika wakajikalisha kwenye ngazi, wakataka kujua alisema nini, kama analia, kama ana mwanaume. Nikawaambia alisema maji ni ya moto. Wale wangemfukuza nyumbani na watoto wake. Bi Mwajuma alisikia kutoka jikoni, na usiku huo chakula changu kilikuwa na kipande kikubwa cha samaki. Ndivyo alivyosifu watu.

Biashara ilikua kutoka hapo. Wanawake waliosingwa walitaka kubeba mafuta kwenda nayo. Nikamwambia Bi Mwajuma tuyatie kwenye chupa, tupike na sabuni ya mawese, tuikate vipande tuifunge kwa majani makavu ya mgomba. Alikataa mpaka akachoka kukataa. Tukaweka meza barazani, na mezani tukamweka Amina.

Amina alikuwa mjukuu wake, mtoto wa binti yake aliyefariki. Alilelewa na bibi yake tangu mdogo, na alikuwa kicheko cha nyumba. Alijua kuuza. Akimwona mwanamke amesimama barabarani anasita, anamwita "Dada, ngozi yako inakuomba kitu," na yule tayari anacheka na kufungua pochi. Alikuwa mweusi mzuri, mweusi wa kung'aa, kama bibi yake alivyokuwa ujanani.

Baada ya muda akaanza kung'aa kwa namna nyingine. Kwanza uso, halafu shingo. Watu wakaona kabla yetu. Wanawake walikuja kutoka Gatete, kutoka Kigwena, wakasimama mbele ya meza wakamtazama.

"Weye unapaka nini?"

"Ya kwetu hii," anajibu, anainua chupa ya mise. "Ya bibi yangu."

Wakanunua. Hatukuwahi kuuza vile. Mimi nilikuwa nayapika mafuta yale, nayajua. Mafuta yetu yanalainisha, yanatuliza, yanaziba nyufa. Hayajawahi kumng'arisha mtu. Nilimwambia Amina, naye akasema ni kukaa kivulini. Nilimwambia Bi Mwajuma, naye akatabasamu akasema mafuta yameanza kuonyesha kazi yake. Alikuwa mzee aliyeinusa kila kokwa, akaamini kitu hicho kwa sababu kilisifu mikono yake. Kilichomfaa kilimpofusha, na ngozi ya mjukuu wake hakuwa na ruhusa ya kuigusa.

Posa ikaja kutoka Bujumbura, mfanyabiashara wa vitambaa. Dada zake walitaka bibi harusi wa picha. Nikaambiwa nitamsinga mimi, kwa kuwa Bi Mwajuma ni damu. Kuwa mimi ni Mkristo halikuwa jambo kwake. Alisema mise haijui kanisa wala msikiti.

Nilimlaza Amina asubuhi, mlango umefungwa, maji ya karafuu kwenye beseni. Niliweka kiganja kwenye kisogo chake nikangoja. Pumzi yake haikushuka. Nilipofika mapajani nikaacha kusugua. Mishipa ilionekana ya kijani, kama mizizi chini ya maji. Ngozi ilikuwa na michirizi mipana ya zambarau, na pale kitambaa kilipopita polepole, damu ilikuja bila kidonda. Niliitupa singo yote nikamwosha kwa maji matupu. Maji yakapoa.

"Mama Dezire," akasema, macho bado ameyafumba, "usiseme."

"Unajipaka nini?"

"Ile ya sokoni. Nachanganya mwenyewe. Nikiacha inaniwasha, uso inakuwa kama moto. Nitaacha nikishaolewa."

"Acha sasa. Twende hospitali wakuone."

"Wataniona mweusi ku harusi," akasema. "Batu wote watajua kama mafuta ya bibi ni uongo."

Hapo nikaelewa kitu kilichoniuma kuliko michirizi. Mtoto alikuwa anajichubua ili asimwaibishe bibi yake. Uongo ulikuwa umeanza kwa mzaha wa mezani na sasa nyumba nzima ilikuwa inaula.

Kesho yake nilikwenda kwa Bi Mwajuma nikamwambia yote. Sijajilaumu kwa hilo na sitajilaumu hapa. Alikuwa anachambua mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho, uso umetulia, nikadhani amenielewa.

"Nilikuuliza kama unaweza kunyamaza," akasema.

"Mama, yule mtoto anaumwa."

"Umekuja kuvunja mukeka yangu? Leo ni Amina, kesho utasema siri ya nani? Mutoto yangu anang'aa, basi unaona wivu, weye na mukono yako ya kambi." Akasimama, mchele ukamwagika. "Beba kintu yako, utoke."

Hayo maneno ya kambi yaliniingia. Nilitoka na kinu changu kidogo, nilichokinunua mwenyewe, na nguo. Harusi ilipita, niliisikia kwa mbali, ngoma na vigelegele. Nikarudi Gatete, nikapata kazi kwenye mashine ya kukamua mawese ya mtu mmoja, kazi ya mashoka na moshi. Mkono wa kusinga haukai mkono wa kusinga ukifanya kazi ile. Nilimkasirikia Bi Mwajuma kila siku, nikimkumbuka kila siku, na yote mawili yalinichosha.

Mvua za pili zilipoanza nikamwona amesimama kando ya mashine, buibui yake imelowa mpaka magotini. Sikuwahi kumwona Gatete. Hakunisalimia.

"Amina amezaa kwa operesheni," akasema. "Amekuja kuzalia kwangu. Mutoto ni muzima. Yeye kidonda inakataa kufunga." Akatazama mafuta yanavyochuruzika kwenye pipa. "Twende."

Nilikwenda na mikono yangu ya mawese bila kunawa.

Hospitalini walikuwa wamemweka pembeni, kwa sababu ya harufu. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alituvuta nje ya mlango.

"Mama, sisi tulimushona mara ya kwanza, ikaachia. Tukamushona tena. Ngozi yake haishike uzi. Uzi inaikata kama unashona karatasi yenye maji. Na sasa iko na enfeksio. Alikuwa anapaka nini?"

Mimi nikajibu. Muuguzi akatikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyekwisha kuona wengi. "Dokteri anampa dawa," akasema. "Ihangane, Mama, vumilia."

Amina alikuwa na uso wa rangi mbili. Krimu ilikuwa imekwisha tangu alazwe, na weusi wake ulikuwa unarudi kwa madoa. Aliponiona akajaribu kucheka.

"Mama Dezire. Ngozi yako inakuomba kitu."

"Kweli inaniomba," nikasema. "Nyamaza upumzike."

Akaomba aoshwe miguu. Nikaleta beseni ya hospitali, ya plastiki, imepasuka ukingoni. Nikapiga magoti, na hapo Bi Mwajuma akanishika bega akanisogeza. Akapiga magoti yeye. Akachota maji kwa kiganja akampa Amina ajimwagie ya kwanza. Maji mengi yakaenda sakafuni. Kisha akaweka mkono wake kwenye kisogo chake akangoja. Akaanza na miguu, akapanda. Alikuwa anauona mwili ule kwa mara ya kwanza tangu ulipokuwa wa mtoto mdogo. Alisoma kila kitu kwa vidole, michirizi, mishipa, mahali palipochubuka na kukauka na kuchubuka tena. Sikusikia kilio. Nilimwona tu akifika kwenye goti na kusimama hapo, kiganja kimefunika goti lote, kwa muda mrefu.

"Polepole, Bibi," Amina akasema.

"Polepole," akajibu.

Aliishi siku chache baada ya hapo. Homa ilimchukua.

Siku ya kumwosha mimi nilikaa mlangoni, upande wa nje wa pazia, kazi yangu ikiwa kupitisha maji. Bi Mwajuma aliingia na wanawake wawili wa mtaa. Nilikuwa naandaa vitambaa, na mmoja wao akavirudisha. "Anasema hataki kitambaa," akaninong'oneza. "Anasema itamukata. Anamwosha na mukono tupu." Nilipitisha maji mpaka wakasema yanatosha. Nilisikia sauti moja tu kutoka ndani muda wote ule, ya mwanamke mzee akirudia polepole, polepole, kwa mtu asiyeumia tena. Nimefanya kazi hii mpaka mikono imekataa, na sauti ile bado ndiyo naisikia ninapogusa maji ya vuguvugu.

Mtoto alikuwa msichana. Baba yake alikuja mara moja, akamtazama, akarudi Bujumbura kuoa. Tukabaki naye sisi wawili, mimi na Bi Mwajuma, kwenye nyumba ileile. Nilimbeba mgongoni nikitwanga, na kwa hiyo alijifunza usingizi kwa mdundo wa mchi. Mpaka alipoanza kutembea hakuweza kulala mahali penye kimya.

Maombolezo yalipoisha, Bi Mwajuma aliivunja meza ya barazani kwa shoka. Akasema nyumba hii haitauza tena kwa uso wa mtu. Halafu akanikalisha, kama zamani, akaniambia sheria mpya. Hii mnayoiimba bila kujua ilikotoka:

"Kitu unaona ku mukeka, unasema. Kwanza unasema kwa mwenyewe. Akikataa, unasema kwa ule anamupenda. Na damu yako unamugusa, haya ikae huko."

Aliniomba jambo moja. Mtoto asiambiwe mama yake alikufa vipi. Aambiwe alikufa kwa uzazi. Nilikubali, kwa sababu mtoto alikuwa mtoto, na kwa sababu yeye hakuwa na kitu kingine cha kuniomba.

Miaka iliyofuata mnaijua, au mmeisikia. Wateja walipungua, mwanamke aliyekuja kutafuta weupe wa Amina hakukaa kusikiliza pumzi yake. Waliobaki walikuwa wale waliochoka, wazazi, wajane, walimu, wauza ndagala, na kwa hao nyumba ikajengeka upya, chupa kwa chupa. Bi Mwajuma alifariki amelala, mikono inanukia mise. Halafu ziwa likapanda. Lilianza na choo cha jirani, likaja jikoni kwetu, na mwisho tukawa tunasinga wateja juu ya meza huku maji yanatembea chini yake na samaki wadogo ndani yake. Mteja mmoja alisema ni jambo la kutuliza moyo. Nilimwambia alipie basi na samaki. Tukahamisha vinu na masufuria tukapanda juu, huku tuliko, na nyumba ya Bi Mwajuma ikabaki kuta mbili ndani ya maji, ngazi moja inayoonekana ziwa likitulia. Niliilia nyumba ile zaidi ya nilivyodhani, na sikuwaonyesha.

Goreti, ulipoleta simu yako na mpango wako, nilikubali. Umefanya kazi nzuri. Oda zinatoka Bujumbura, kuna mtu Ulaya anayeagiza sabuni, na mafundisho ya kupumua unayoyaandika yako sahihi isipokuwa ni marefu. Lakini kwenye picha zako kuna uso mmoja unaoshika chupa, na kila wiki uso ule unazidi kuwa mweupe, na chini yake wanawake wanaandika: unapaka nini? Na jibu linaandikwa: ya kwetu, ya bibi yangu. Hukujua. Ulidhani ni mwanga wa simu. Umerudisha meza tuliyoivunja kwa shoka.

Sasa nimefika.

Zaituni, mama yako ni Amina. Hakufa kwa uzazi. Wewe ulizaliwa vizuri, hukumuua, na kama umewahi kufikiri hivyo usiku, acha. Alikufa kwa sababu ngozi yake ilishindwa kushika uzi, na ilishindwa kwa sababu ya kile kikopo ulichonacho. Una vidole vyake. Unao pia ule ucheshi wake wa kuwaita watu wa barabarani, ambao nimekuwa nikiusikia kutoka chumbani nikijifanya ninapanga chupa. Posa yako imekubaliwa, na najua mkwe wako amesema nini kuhusu picha. Harusi haina haraka kuliko wewe. Usiiache krimu ghafla wala peke yako, itakuchoma uso kama ilivyomchoma yeye, na utairudia. Kuna daktari wa ngozi Bujumbura. Nitakwenda nawe, nitakaa kwenye benchi na nitanyamaza, maana unajua naweza.

Sheria inasema kwanza kwa mwenyewe, kwa hiyo karatasi hizi nakupa wewe kwanza, na sina nyingine. Mwenyewe akikataa, aambiwe anayempenda. Nimelifikiria hilo sana. Bibi yako hayupo. Mama yako hayupo. Aliyebaki wa kuambiwa ni mimi, na mimi tayari ninajua. Ukizichoma hizi hakuna mlango mwingine wa kugonga.

Jumamosi nitakuja kabla ya wateja. Mikono yangu haiwezi kukusinga, lakini kuwekwa kisogoni na kungoja inaweza.

Goreti, Nadia, kama na ninyi mnasoma hapa, ni yeye aliyewapa. Msimuulize kitu. Chemsheni maji.